Uloto wa Dodoma na watu wa AS wanaorukwa na utafiti

Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma inawapandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, watoto wenye selimundu, ule ugonjwa ambao wengi mtaani bado tunauita siko seli. Kila habari hiyo inaporudi redioni nasikia maneno ya aina mbili. Wako wanaosema ugonjwa sasa umepata mwarobaini, tuhangaike na mengine. Na wako wanaosema kwamba kama matibabu yenyewe ni mazito kiasi hicho, basi wale wenye "nusu ugonjwa" wapimwe wote na wazuiwe kuoana. Pande hizi zinadhani zinapingana, kumbe zimejikwaa kwenye jiwe lilelile: hazimjui mtu wa AS. Mwenye AS amerithi jeni ya himoglobini S (himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu) kwa mzazi mmoja na ile ya kawaida, A, kwa mzazi wa pili. Si mgonjwa wa selimundu, na hatageuka kuwa mgonjwa wake akizeeka. Hata hivyo damu yake haifanani na ya mwenye AA katika kila jambo, na hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Utafiti wa tiba usiohusu selimundu moja kwa moja, wa kisukari, wa figo, wa upungufu wa damu, unampitia mtu huyu bila kumuuliza yeye ni nani. Unamtia kwenye kapu moja na wengine wote, kisha majibu ya kapu hilo yanarudi kliniki kumtibu yeye.

Anayeona hili ni jambo dogo aangalie kinachotokea ndani ya upandikizaji wenyewe. Daktari hutafuta ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambaye alama za kinga za mwili wake zinalingana na za mgonjwa, na kwa kila ndugu uwezekano wa kulingana ni mmoja kati ya minne. Kwa kuwa wazazi wa mgonjwa kwa kawaida ni AS wote wawili, ndugu atakayelingana mara nyingi naye ni AS. Hakataliwi kwa sababu hiyo. Uloto wa mgonjwa hufutwa kwa dawa kali, wa ndugu huingizwa kwa mshipa kama mtu anavyoongezewa damu, na ukishika, mwili huanza kutengeneza damu ya yule ndugu. Akipimwa baada ya miezi, karatasi inasoma AS. Mtoto aliyeingia wodini na SS, yaani S kutoka kwa wazazi wote wawili, ametoka na AS, madaktari wanasema amepona, na wanasema kweli. Haiwezekani hali ileile iwe uponyaji kwa mtoto huyu na nusu ugonjwa kwa kaka yake aliyempa uloto. Tena kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: uloto unabadilisha damu peke yake. Mbegu za uzazi za aliyepandikizwa, kama zimesalimika na zile dawa, zinabaki vilevile, kwa hiyo kila mtoto atakayemzaa atapokea S moja. Akizaa na mwenye AA, watoto wote watakuwa AS. Kwa maneno mengine, hospitali yetu ikifanikiwa haiwapunguzi watu wa AS. Inawaongeza, na inapaswa kujivunia hilo.

Sayansi ya jambo hili ina umri wa zaidi ya karne. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika kuhusu kijana kutoka Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno, ambaye chembe zake nyekundu zilikuwa zimejikunja kama mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba kasoro iko kwenye himoglobini yenyewe, na mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akapata mahali hasa: kiungo kimoja tu cha protini, cha sita katika mnyororo wa beta, kimebadilika. Lakini sura inayotuhusu zaidi iliandikwa kwa damu ya Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka ukanda huu akipima watu, na mwaka 1954 akachapisha hoja kwamba S imedumu kwa sababu mwenye AS anahimili malaria. Alichukua wanaume 30 waliojitolea, 15 wenye AS na 15 wasio nayo, wakaambukizwa vimelea vya malaria. Kati ya wasio na AS, 14 walionekana na vimelea. Kati ya wenye AS, wawili tu. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa 2005 ulikuja kuonyesha kwamba mtoto mwenye AS anakingwa dhidi ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Chembe yenye himoglobini S ikiingiliwa na kimelea hujikunja upesi na wengu huiondoa kabla mdudu hajakomaa, na hiyo ni njia mojawapo tu kati ya kadhaa.

Ndiyo maana watu wa AS ni wengi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto wachanga 17,200 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania: asilimia 20.3 walikuwa AS na asilimia 1.2 walikuwa na selimundu yenyewe. Hesabu hii unaweza kuihakiki kwa kalamu. Mtu mmoja kati ya watano akiwa AS, basi katika kila wenzi 100 wanaooana bila kupima, wanne watakuwa AS wote wawili, na robo ya mimba zao ni SS, yaani mtoto mmoja katika mia. Atakayesema hayo ni ya Kanda ya Ziwa, Dodoma ni nchi kavu na malaria yake ni ndogo, anaizungumzia Dodoma ya zamani. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, mji umejaa watu wa Mara, Geita, Kagera, Tanga na Pwani, na mkoa ulihesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni 3 katika sensa ya 2022. Himoglobini ya foleni ya maabara ya Dodoma leo ni himoglobini ya nchi nzima.

Sasa ulizeni: mambo tunayoyajua kuhusu mtu mzima mwenye AS, figo zake, misuli yake, vipimo vyake vya sukari, tumeyapata wapi? Sehemu kubwa yametoka kwa Wamarekani weusi. Mwaka 2014 watafiti waliunganisha takwimu za watu wapatao 16,000 wa huko, wakakuta wenye AS wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata ugonjwa sugu wa figo. Mwaka 2016 zikachapishwa takwimu za askari weusi 47,944 wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Wenye AS hawakufa zaidi ya wenzao, na hilo lilimaliza hofu ya miaka mingi, ila hatari ya misuli kuvunjika kutokana na mazoezi mazito ilikuwa juu kwa asilimia 54, sawasawa na ile iliyoonekana kwa watumiaji wa tumbaku. Askari wale walikuwa chini ya kanuni za kunywa maji na kupumzika. Figo ya mwenye AS haibani maji vizuri kama ya mwenzake. Mimi ninaishi katika mji ambao kiangazi chake kinakaribia miezi saba, ambako vijana wanaponda kokoto juani mchana kutwa. Matokeo ya kambi za Marekani yananipa mwanga, lakini hayawezi kuwa jibu la kijana huyu.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa sukari. Kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, ambacho kliniki wanakiita HbA1c, hakipimi sukari iliyomo kwenye damu wakati ule. Kinapima sukari iliyong'ang'ania kwenye himoglobini katika maisha yote ya chembe nyekundu, ambayo ni takriban siku 120. Maana yake kipimo kimejengwa juu ya himoglobini, na kinachukulia kwamba himoglobini ya watu wote ni moja na chembe zao zinaishi muda uleule. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha takwimu za watu 4,620, kati yao 367 wakiwa AS. Kwa kiwango kilekile cha sukari, wenye AS walisoma wastani wa asilimia 5.72 na wasio nayo 6.01. Pengo ni kama 0.3. Kwa mtu anayesoma 9 halina uzito, anajulikana ni mgonjwa. Lakini mstari wa kumwita mtu mgonjwa wa kisukari ni 6.5. Mama muuza maharage wa Soko la Majengo akisoma 6.3 ataambiwa apunguze wali na soda, arudi mwakani. Ikiwa ni AS, huenda tayari ameshavuka mstari, na mwaka huo mmoja ni mwaka wa macho na figo zake. Na hapo sijagusa mashine zenyewe: ziko zinazopotoshwa na himoglobini S na ziko zisizopotoshwa, na anayesoma majibu anapaswa kujua ya kwake ni ipi.

Wapo wataalamu watakaonijibu kwamba utafiti mzuri hauna haja ya kuwatenga watu wa AS, kwa sababu washiriki wakigawanywa kwa bahati nasibu wenye AS wataangukia pande zote mbili kwa uwiano uleule. Hoja hii ni nzito na kwa sehemu yake ni ya kweli. Ukilinganisha chanjo na isiyo chanjo kwa maelfu ya watoto, AS inajisawazisha yenyewe. Lakini haisaidii mahali ambapo hakuna makundi mawili. Unapoweka kiwango cha kawaida cha wingi wa damu, au mstari wa kisukari, au kiwango cha utendaji wa figo, hulinganishi pande mbili, unachora mstari mmoja na kuwapitisha watu wote chini yake. Hapo mtu mmoja kati ya watano si vumbi la kupuliza. Hata kwenye chanjo na dawa, wastani unaweza kuwa sahihi na bado ukaficha kwamba kundi fulani linanufaika kidogo au zaidi.

Tena jeni hazifanyi kazi zikiwa peke yake. Watu wengi wa ukanda huu wana thalasemia ya alfa, hali nyingine ya kurithi ya himoglobini ambayo nayo inakinga malaria kali. Mtu angetarajia kwamba mwenye vyote viwili, AS na thalasemia ya alfa, amejengewa ukuta mara mbili. Watafiti wa Kilifi walionyesha mwaka 2005 kwamba ni kinyume: vikikutana kwa mtoto mmoja, kinga inayeyuka karibu yote. Mwishoni mwa 2021 takwimu za watoto wa Gambia na Kenya zikaonyesha jambo jingine, kwamba viko vimelea vya malaria vyenye mabadiliko ya kinasaba yanayovisaidia kuipita kinga ya AS. Thalasemia hiyohiyo hufanya chembe nyekundu ziwe ndogo, na chembe ndogo kwenye karatasi ya maabara zinafanana na upungufu wa madini chuma. Mtu anameza vidonge vya chuma miezi na miezi, damu haipandi, anaulizwa kama kweli anavimeza. Anayeandika AS pekee bila kuuliza habari za alfa ameandika nusu ya sentensi, nalikiri hilo, lakini asiyeandika kitu hajaanza hata kuandika.

Hoja inayonipa usingizi mdogo ni ya unyanyapaa. Ukianza kuandika AS kwenye fomu, fomu zina tabia ya kusafiri. Marekani walipitia njia hii. Sheria ya kitaifa ya kudhibiti selimundu ya mwaka 1972 ilikuja wakati majimbo kadhaa yakiwalazimisha watu weusi kupimwa, mara nyingi bila ushauri wowote, na wenye AS wakachukuliwa kama wagonjwa. Chuo cha Jeshi la Anga la nchi ile kiliwafungia mlango hadi mwaka 1981. Na yule Pauling niliyemtaja, mshindi wa tuzo mbili za Nobel, aliandika mwaka 1968 kwamba vijana wenye jeni hii wachorwe alama kwenye paji la uso ili wenye jeni moja wasipendane. Sijui kama kuna mfano mzito kuliko huo wa mtu aliyeijua himoglobini kuliko wote na bado akakosa kumwona mwanadamu aliyeibeba. Kwa hiyo wanaoogopa hawaogopi kivuli. Jibu langu ni kwamba ujinga kuhusu AS haujawahi kumlinda mwenye AS. Waliomfungia mlango hawakuwa na takwimu nyingi mno juu yake, walikuwa na chache mno, wakajaza nafasi kwa woga. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayoziweka taarifa za vinasaba miongoni mwa taarifa nyeti. Itumike. Majibu ya AS yakae kwenye utafiti na kwa mhusika mwenyewe akitaka kuyajua. Fomu ya ajira haina kazi nayo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kupiga marufuku ndoa, na inasikika hadi kwenye nyumba za ibada. Turudi kwenye wenzi wetu 100. Wanne ndio AS wote wawili. Lakini wenzi 32 wana AS upande mmoja tu, na hao, mwenzao akiwa AA, hawawezi kupata mtoto wa SS. Ukipima vibaya au ukieleza vibaya unawatisha 32 ili kuwafikia wanne. Nimeyaona haya ndani ya nyumba yetu. Mdogo wangu, binti wa baba mdogo, aliagizwa na mchungaji akapime pamoja na mchumba wake, wakaenda kituo kimoja hapa mjini. Kipimo kilichofanywa ni kile cha zamani: tone la damu kwenye kioo, tone la dawa ya kuondoa oksijeni, kioo kingine chembamba juu yake, kingo zinazibwa hewa isiingie, inasubiriwa saa moja au zaidi, kisha mtu anachungulia kwenye hadubini kama chembe zimejikunja. Kipimo hicho kinajibu swali moja tu, kama S ipo. Hakisemi ni moja au ni mbili, AS au SS. Chake kilitoka chanya, cha mchumba hasi, na karatasi haikuwa na maelezo mengine. Shangazi wa bwana harusi akasema damu zao hazipatani, kama watu wanavyosema juu ya makundi ya damu, na kwamba familia haiwezi kuoa mgonjwa. Binti aliyemaliza shule akicheza netiboli! Ndoa ilisimama miezi minne hadi tulipopata kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kikasoma AS kwake na AA kwa mwenzake. Saudi Arabia iliufanya upimaji kabla ya ndoa kuwa lazima mwaka 2004, lakini uamuzi wa kuoana ikawaachia wenyewe, na kadiri ushauri ulivyoenea, wenzi wenye hatari walioghairi ndoa kwa hiari yao waliongezeka kutoka asilimia 9.2 hadi 51.9 kufikia 2009. Aliyeeleweshwa anaamua, na aliyekatazwa anaoa kwa siri.

Kuhusu gharama nitasema kidogo, kwa sababu hoja yake inajimaliza. Ule uchunguzi wa watoto 17,200 haukuchoma sindano mpya. Ulitumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yaliyokuwa yamebaki baada ya kupima VVU kwa watoto wachanga. Watafiti wanaotoa damu kwa ajili ya kisukari, figo au ujauzito tayari wana sampuli mkononi, na kuna vipimo vya haraka vya tone moja vinavyotofautisha AS na SS bila mashine kubwa. Kinachokosekana ni mstari kwenye andiko la utafiti. Kamati za maadili zinazopitisha maandiko hayo zinaweza kuuliza swali moja zaidi kila linapofika andiko linaloweka kiwango chochote kinachopitia damu: himoglobini za washiriki mtazijuaje, na mtawaambiaje wanaotaka kujua? Dodoma ina nafasi ya pekee ya kuanza, kwa kuwa hospitali inayopandikiza uloto na Chuo Kikuu cha Dodoma chenye shule yake ya udaktari viko jirani. Watoto waliopandikizwa watafuatiliwa kwa miaka, na ndugu zao waliotoa uloto wapo, wanajulikana kwa jina na kwa himoglobini. Hao ndugu pia wafuatiliwe, figo zao, sukari zao, hadi uzeeni.

Mdogo wangu aliolewa, na mwaka uliofuata akashika mimba. Akiwa kliniki aliombwa kushiriki katika utafiti wa upungufu wa damu kwa wajawazito, akakubali, akatoa damu, akajibu maswali ya kurasa kadhaa: chandarua, vidonge vya chuma, dawa za minyoo, anakula nyama mara ngapi kwa wiki. Walipofika mwisho akauliza ni wapi panaandikwa kwamba yeye ni AS. Binti aliyekuwa akimhoji akageuza kurasa mbele, akageuza nyuma, akatafuta tena kwenye ukurasa wa kwanza. Kisha akampa kalamu, akamwambia aandike tu pembeni.